Mafuta ya Msimu Mmoja

Chupa ya mafuta ya kupikia ilikuwa haionekani, na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Aune Kemppi alikwisha koroga unga, maziwa na mayai. Supu ya njegere ilikuwa imeiva, inatokota pembeni mwa jiko la kuni. Kikaango kimeshapata moto. Alifungua kabati la juu, akafungua la chini, akainama hadi nyuma ya debe la viazi. Wapi! Katika nyumba ile, Alhamisi bila chapati za maji ilikuwa kama Jumamosi bila kuoga mvuke kwenye sauna. Haikuwahi kutokea, hata ile wiki aliyoshikwa na uchungu wa kumzaa Saila.

"Eljas!" aliita. "Umeyaona mafuta?"

"Ninayo huku!" mumewe alijibu kutoka chumba cha nyuma, kwa sauti ya mtu aliye kazini na hataki kusumbuliwa.

Aune alijifuta mikono kwenye aproni, akaenda. Eljas alikuwa amekaa kwenye meza yake ya kazi chini ya dirisha, miwani puani, mikono ya shati imekunjwa. Mbele yake, juu ya gunia safi, ililala bunduki yake ya kuwindia hirvi, wale wanyama wa msituni walio wakubwa kuliko farasi. Chupa ya mafuta ya kupikia ilikuwa karibu na kiwiko chake. Alikuwa akimimina kidogo kwenye kitambaa na kuupaka mtutu taratibu, toka mwanzo hadi mwisho, kama mama anayempaka mwanawe mafuta baada ya kumwogesha.

"Mume wangu," Aune alisema, "hayo ni ya kukaangia."

Eljas aliitazama chupa. Akakitazama kitambaa. Akainusa mikono yake.

"Kumbe," alisema mwishowe. "Ndiyo maana njaa inaniuma tangu asubuhi."

Walicheka wote wawili, wakacheka mpaka Eljas akavua miwani kufuta macho. Kisha Aune akanyoosha kidole kugusa mtutu, na kicheko kikamkatika. Kidole kilinata. Hayakuwa mafuta ya leo peke yake. Chini yake palikuwa na tabaka jingine lililoganda kama gundi, na chini ya hilo jingine tena. Kabati la chuma lilikuwa limeachwa wazi. Aliitoa bunduki ya pili, ile ya mitutu miwili ya kuwindia ndege, aliyoiacha baba yake Eljas. Ilikuwa imevishwa soksi ndefu ya sufu. Alipoivuta ile soksi, nyuzi zilibaki zimegandia chuma, na kando ya nyuzi kutu ilikuwa imechipuka, madoa ya rangi ya matofali yaliyotapakaa kama upele.

Majira yote ya joto, basi. Majira yote ya joto alikuwa akimsikia mumewe huku nyuma akipiga mluzi, na akafurahi kwamba ana shughuli.

Aliirudisha bunduki kabatini, akafunga, akautia ufunguo mfukoni mwa aproni. Siku ile chapati zilikaangwa kwa siagi.

Jambo hili lingemtokea mtu mwingine yeyote pale Haukiniemi, watu wangelicheka wakalisahau. Lakini huyu alikuwa Eljas. Kila msimu wa hirvi ulipokwisha na theluji ya kwanza kutulia, wanaume wa kijiji kizima walimletea bunduki zao azilaze. Ndivyo walivyosema: kuzilaza, yaani kuzisafisha na kuzipaka mafuta zikae mpaka msimu ujao. Walifika mmoja mmoja baada ya kazi za mazizini, wakaacha mabuti mlangoni, wakajipanga kwenye benchi la ukutani kama wagonjwa wanaomsubiri daktari, na Aune akawapitishia kahawa na mkate mtamu wa iliki. Chumba kilijaa mvuke wa makoti. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa bunduki iliyotoka kwenye baridi. Iliwekwa mezani kwanza itoe jasho, na ilipokwisha kutoa jasho ndipo Eljas akaikausha.

"Wewe umeivisha nini hii?" aliwahi kumuuliza Urpo Rytilahti, wakati huo Urpo angali kijana asiye na ndevu za maana.

"Soksi. Isipate baridi."

"Isipate baridi! Bunduki si bibi yako, Urpo. Sufu inakunywa unyevu kama mlevi anavyokunywa bia, halafu inakaa nao usiku kucha. Umemlaza mke na mlevi, asubuhi unashangaa ana majeraha!"

Benchi zima liliangua kicheko, na mpaka leo, Urpo akiwa mwenyekiti wa chama cha wawindaji na babu wa watu, wapo wanaomwita Soksi.

Aune hakuwa na kumbukumbu ya utu uzima wake isiyokuwa na harufu ile ya mafuta ya bunduki, kali kidogo, tamu kidogo. Ndiyo aliyoisikia kwenye kola ya Eljas usiku wa kwanza walipocheza muziki wa tango kwenye ukumbi wa dansi pale ufukweni mwa ziwa. Kijana alikuwa amejisugua kwa sabuni mpaka shingo imekuwa nyekundu, lakini chini ya sabuni harufu ile ilikuwepo. Wasichana wenzake walisema anatisha, mtu gani ananuka bunduki kwenye dansi. Aune alisogea karibu zaidi ili ainuse vizuri.

*

Urpo alikuja mwanzoni mwa Septemba, majani yalipoanza kuwa manjano. Alivua viatu mlangoni, akaingia na soksi zake, kofia mkononi, na Aune akajua hapo hapo kwamba hakuja kwa kahawa. Mtu aliyekuja kwa kahawa hutundika kofia.

"Shemeji, habari za hapa. Mzee yupo?"

"Mzee yupi?" Eljas alisema kutoka kiti chake karibu na dirisha. "Mimi na wewe tumepishana miaka michache tu. Kaa. Mnaanza lini mwaka huu?"

Urpo alikaa. Alikoroga kahawa ambayo hakuwa ametia sukari.

"Ndilo lililonileta. Chama kimekutana. Tumeonelea, mwaka huu, wewe upumzike kukaa kwenye kituo cha kuvizia. Uwe pale kibandani msituni. Mtu wa kutunza moto, kuchemsha kahawa, kuangalia supu. Mtu wa kuaminika."

"Niwe mpishi."

"Si mpishi, Eljas. Mtu wa kuaminika."

"Nani alitoa hoja hiyo?"

"Ni wote tu, kwa pamoja."

"Hoja haitolewi na wote. Ina mdomo mmoja. Mdomo wa nani?"

Urpo aliweka kijiko chini. "Wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyesema kwanza. Na ningependa awe mwingine."

Aune alisimama karibu na jiko, kitambaa cha vyombo mkononi, asijue aondoke au abaki.

"Mwaka jana," Urpo aliendelea, sasa kwa upole, "uliondoka kwenye kituo chako. Watu wana risasi ndani, mbwa wanabweka, hirvi anakuja, na wewe unakatiza katikati ya mstari wa wapigaji unamwita mbwa wako, 'Halli! Halli!' Tulisimamisha kila kitu."

"Halli alikuwa amepotea."

"Halli alikufa, Eljas. Alikufa Saila akiwa bado anasoma."

Eljas aliangalia nje, kwenye kile kibanda cha mbwa ambacho sasa kiliwekewa kuni.

"Sawa," alisema. "Lakini kahawa yangu ni mbaya. Miaka yote hii umeinywa unakunja uso."

"Tumeshaizoea," Urpo alisema, na macho yake yalikuwa mekundu.

Wiki iliyofuata walikwenda mjini kwa daktari wa kumbukumbu. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye haraka, na kila swali alimuuliza Aune. Je, analala vizuri? Je, anakula? Je, ana hasira?

"Analala kama gogo," Eljas alijibu mwenyewe mara ya tatu. "Na hasira hana bado, ila anasikia."

Daktari aliona haya, akaomba radhi, kisha akauliza kuhusu silaha. Sheria ilimtaka awaarifu polisi. Mtu mwenye ugonjwa huu hawezi kuendelea kukaa na bunduki. Lakini polisi nao ni watu, alisema. Familia ikiwahi kupanga mambo yake, ikiziuza au ikimpa mtu mwenye kibali na kabati la chuma azitunze, hakuna atakayekuja kuzibeba mlangoni majirani wakitazama.

Njiani kurudi Aune aliendesha gari. Eljas alikuwa akihesabu ndege kwenye nyaya za umeme, kimoyomoyo, midomo ikitikisika. Walipofika kwenye kona ya kanisa aliuliza, "Yule binti alikuwa anauza nini?"

"Hakuwa anauza kitu."

"Alikuwa na uso wa mtu anayeuza."

*

Saila alikuja Ijumaa jioni. Alikuwa msaidizi wa daktari wa meno kule mjini, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye taya la baba yake na ukali wa maneno usiojulikana aliurithi kwa nani. Alisikiliza yote mezani huku akipaka siagi kwenye mkate mweusi wa nafaka ya rai.

"Wapigieni polisi wazichukue, yaishe," alisema. "Kwa nini mnajitesa?"

"Polisi watazitupa ghalani, kisha ziende kuyeyushwa," Aune alisema. "Ile ya ndege ilikuwa ya babu yako."

"Ni chuma tu, mama."

"Hata pete ya mama yako ni chuma tu," Eljas alisema. Hawakujua kama alikuwa anafuatilia. "Urpo atanitunzia. Kabati lake zuri, halina unyevu. Baadaye zitakuwa zako."

Saila alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Zangu! Baba, utoto wangu wote unanuka mafuta yale. Nani alikuwa anakushikia kitambaa? Nani alikuwa anapanga brashi kwa ukubwa? Nilikuwa najua bunduki ya kila mwanaume wa kijiji hiki hata nikifumba macho. Halafu asubuhi ya kwenda msituni unamchukua binamu yangu, aliyekuwa anaogopa hata mlio wa mlango."

"Hukuniomba."

"Nilikuomba kila mwaka."

Eljas aliweka kisu chini. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kwa juhudi, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Hilo nimelisahau," aliuliza, "au sikulisikia?"

Aune alitaka kuingilia kati. Saila alimtangulia.

"Hukulisikia, baba. Wakati ule kichwa chako kilikuwa kizima."

"Basi hilo ni baya zaidi," Eljas alisema. Aliinuka, akachukua sahani yake, akaipeleka kwenye beseni la vyombo, jambo ambalo hakulizoea. Aligeuka. "Ungekuwa mzuri. Ulikuwa na subira kuliko binamu yako."

Saila alianza kukusanya vyombo. Lakini baadaye, wakiwa wanakausha vyombo, alimwambia mama yake bila kumtazama, "Ule mtihani wa uwindaji, siku hizi wanawake wengi wanaufanya. Nitafikiria. Sijasema ndiyo, mama, usinitazame hivyo. Nimesema nitafikiria."

*

Kesho yake asubuhi Aune alikwenda peke yake kwenye duka la wawindaji mjini. Miaka yote vifaa hivi alivinunua Eljas; yeye alikuwa akisubiri garini na kufuma. Ndani, rafu ya mafuta ilikuwa ndefu kuliko ya sabuni. Yapo ya kopo la kupulizia, yapo ya matone, yapo ya rangi ya asali na yapo meupe kama maji. Alisimama mbele yake kama mtu aliyeshushwa kwenye kituo kisicho chake, mpaka muuzaji akaja, mwanamke mnene mwenye miwani iliyokaa juu ya nywele.

"Nikusaidie nini, mama?"

"Mafuta. Ya kuzuia kutu. Bunduki mbili zinakwenda kutunzwa."

"Zitakaa muda gani?"

Aune alichukua kopo moja rafuni, akalirudisha.

"Nauliza kwa sababu mafuta yanachaguliwa kwa muda," muuzaji alieleza. "Haya mepesi yanapenya vizuri, yanafukuza maji, mazuri sana kwa mtu anayefungua kabati mara kwa mara. Lakini yanakauka. Ukiyaacha msimu mmoja ukapita bila kuyarudia, chuma kinabaki uchi. Sasa kama hujui lini zitafunguliwa, basi ni hii." Alishusha kopo fupi, zito. "Grisi. Inanuka, inachafua, kuitoa ni kazi ya jioni nzima. Lakini ukiipaka leo, mjukuu ataikuta. Zitakaa muda gani?"

Wanaume wawili waliokuwa wakichagua mabuti waligeuka kumwangalia. Aune alihisi masikio yakipata moto. Swali lilikuwa jepesi, la dukani, kama kuulizwa unataka mkate mzima au nusu. Na jibu lake hakuwa amelisema mahali popote, wala kwa daktari, wala kwa Saila, wala kitandani gizani.

"Nipe yote mawili," alisema.

*

Saila alikuwa bado yupo aliporudi. Alikuwa amewasha moto kwenye chumba cha nyuma na kutandika magunia safi mezani. Aune alitoa ufunguo, akafungua kabati, na wakambebea Eljas bunduki zake.

Eljas alifanya kazi kutwa nzima. Kwanza aliifuta ile gundi ya mafuta ya kupikia kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, polepole, akibadilisha kitambaa kila kilipochafuka. Kwenye kutu alitia mafuta mepesi, akasubiri, kisha akasugua kwa nyuzi laini za chuma kwa ncha za vidole viwili, bila kukandamiza. Saila alimpa kila kitu kabla hajakiomba. Hawakusema mengi. Mara moja Eljas alimwita kwa jina la dada yake aliyefariki, na Saila akaitikia.

Kutu ilitoka, lakini kwenye mitutu ya bunduki ya babu ilikuwa imekula. Mashimo madogo yalibaki, kama nyayo za ndege kwenye theluji. Eljas aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani kafanya hivi?"

"Mvua zilikuwa nyingi," Aune alisema haraka. "Unyevu tu."

Eljas alipitisha kidole juu ya mashimo. "Unyevu hauvishi bunduki soksi," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi." Akamwangalia Saila. "Usimwambie Urpo habari ya soksi. Nitakoma!"

Saila aligeuka kuangalia ukuta, mabega yakimtikisika, na Aune hakuweza kujua kama ni kucheka au ni kulia.

Chuma kilipokuwa kikavu na safi, kimebaki sasa kupakwa, makopo mawili yalikuwa mezani. Eljas alichukua la mafuta mepesi bila hata kufikiri, akalitikisa karibu na sikio.

"Haya. Zitalala kwa Urpo mpaka Septemba ijayo, kisha tunazifungua."

Saila alimtazama mama yake. Aune alisimama, mikono ndani ya mifuko ya aproni. Ingekuwa rahisi. Mwache apake mafuta ya msimu mmoja, afurahi. Usiku akilala, yeye mwenyewe angekuja huku nyuma akapaka grisi, anajua inavyofanywa, ameiona maisha yake yote. Asubuhi Eljas asingekumbuka. Hakuna ambaye angeumia. Alishaanza kuwazia kitambaa kipi atakitumia, mumewe alipogeuka na kumuuliza.

"Aune. Zitalala muda gani?"

"Si umesema Septemba."

"Mimi nasema mengi. Nakuuliza wewe."

Ukuni ulipasuka motoni. Aune aliona kwamba macho ya mumewe yalikuwa yametulia, yako pale kabisa, macho ya yule yule mtu wa dansi. Na kwamba kumdanganya saa ile ingekuwa kumwacha peke yake.

"Si mpaka Septemba," alisema.

"Mwaka mwingine?"

"Hapana, mume wangu. Miaka. Labda mpaka Saila azitake. Labda asizitake. Wewe hutazifungua."

Eljas alitikisa kichwa kukubali, taratibu, mara kadhaa. Alilirudisha kopo la mafuta mepesi mezani, akakifunga kifuniko chake mpaka mwisho, kama alivyofunga siku zote.

"Mngesema mapema," alisema. "Nilikuwa karibu kuharibu kazi. Saila, lete sufuria la maji ya moto. Grisi haipakwi baridi."

Waliyeyusha lile kopo ndani ya maji ya moto mpaka grisi ikawa laini, kahawia, na harufu yake ikakijaza chumba. Eljas alipaka kwa brashi nje, akapitisha ndani ya mtutu, akaingia kila kona ya chuma. Kisha akavua glavu alizovaa ili chumvi ya jasho isiguse chuma.

"Baba, chumvi ya mikono!" Saila alimkumbusha.

"Chumvi haipiti hapa tena. Na macho yanadanganya, binti yangu. Kidole ndicho kinachojua palipo pakavu. Leta mkono wako. Hapa, unasikia? Pamerukwa." Aliushika mkono wa binti yake, akautembeza juu ya mtutu wote, toka mwanzo hadi mwisho. "Na sikiliza hili kuliko yote. Atakayezifungua asitie risasi kabla ya kuitoa grisi yote ndani. Yote! Ikibaki kidogo tu, mtutu utampasukia usoni. Sema."

"Sitatia risasi kabla ya kuitoa yote."

Alisema *sitatia*. Eljas aliisikia ile *si*, na Aune pia aliisikia, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

*

Urpo alikuja na gari kabla ya jua kutua. Aliandikiana na Aune makaratasi ya kutunza silaha mezani jikoni, akakataa kahawa, kisha akaikubali. Alipoziona bunduki zimelala ndani ya karatasi nene zilizopakwa grisi, aliinua kona ya karatasi moja na kutazama.

"Umepaka grisi," alisema.

"Nimepaka grisi," Eljas alijibu.

Hapo Urpo alielewa, kwa maana alilaziwa bunduki zake pale tangu ujana na alijua mafuta yapi ni ya nini. Alivua kofia aliyokuwa ameshaivaa.

"Midomo ya mitutu chini," Eljas alimwambia, "mafuta yasishukie kwenye mti wa kitako. Na kila majira ya kuchipua zichungulie. Usizifunue zote, zichungulie tu."

"Nitazichungulia."

"Supu mwaka huu tunaweka nyama gani?"

"Wewe ndiye mpishi," Urpo alisema, "utatuambia."

"Mtu wa kuaminika," Eljas alimsahihisha.

Saila alizibeba mpaka garini, moja kila mkono, akatoka na Urpo ili akalione lile kabati kwa macho yake. Eljas hakwenda dirishani. Alisimama mbele ya kabati lake tupu, akakivuta kimlango kikafunguka, akakifunga, akakifungua tena, kisha akakiacha.

"Sauna iko tayari," Aune alisema.

Ndani ya sauna palikuwa na giza jema na harufu ya kuni. Eljas alikaa benchi la chini, mikono amelaza magotini, viganja juu, vya kahawia mpaka vifundoni. Aune alichota maji ya moto, akachukua sabuni na brashi, akapiga goti mbele yake na kuanza kumsugua kidole kimoja kimoja. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwogesha. Eljas hakuwa mtu wa kuogeshwa. Leo aliiacha mikono yake mikononi mwa mkewe.

"Unaona inavyoshika?" alisema kwa fahari. "Maji yanaikimbia."

"Naona. Imenichosha."

"Basi iache."

"Utachafua mashuka."

"Iache hivyo hivyo, mke wangu. Nami kukaa kwangu kutakuwa kurefu."

Brashi ilisimama. Aune alimtazama usoni kuona kama ni mzaha, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo hakuweza kujua. Aliiweka brashi ndani ya ndoo, akapanda kukaa kando yake, akachota maji na kuyamwaga juu ya mawe. Mvuke ulipanda ukawafunika. Eljas aliweka mkono wake juu ya goti la mkewe, akaukalisha pale kwa uzito wake wote, na wakakaa hivyo mpaka jasho likawatoka wote wawili.

Alipouinua, alama ya vidole ilibaki gotini, kahawia, kila kidole mahali pake. Aune hakuifuta.